Mgeni Aliyeuliza Majina ya Wafu

Siku tulipogawa nguo za marehemu wifi yangu, mimi ndiye niliyefungua sanduku lake la bati. Vitenge vilikuwa vimekunjwa vizuri, na katikati yake alikuwa amechomeka vipande vya kafuri ili wadudu wasivile. Harufu ilinipanda puani, nikaanza kulia. Vijana waliokuwa pembeni walidhani namlilia wifi. Nilikuwa namlilia, ndiyo, lakini kwa dakika zile nilikuwa pia nimerudi Makongolosi, mtoto wa kike mwenye pengo la meno ya mbele, na mbele yangu amesimama mwanamke mweupe anayenuka kafuri, ameshika kalamu, anauliza majina ya wafu.

Wewe uliyekua miaka ile, enzi za Mwingereza, huenda umesikia habari za machimbo ya Chunya. Sisi tulifika wakati kelele za dhahabu zimekwisha. Wazungu waliokuja kwa makundi walikuwa wameondoka, wakaacha mitambo yenye kutu na mashimo, mashimo kila mahali, mengine yameota nyasi pembeni usiyaone hadi umeyafikia. Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Misheni ilimtoa Rungwe, kwenye migomba na ukungu, ikampeleka kuchunga roho chache zilizobaki pale kwenye joto na vumbi. Alikubali upesi kwa sababu alipajua. Ujanani, kabla hajaokoka, alisukuma toroli la mawe kwenye machimbo hayo hayo.

Mimi pale nilipaogopa. Mchana, jua linapokuwa kali, upepo ulipita juu ya midomo ya yale mashimo nayo yakaguna, kama mtu anayetaka kusema neno kisha akaghairi. Watoto wa pale walinifundisha siku ya kwanza kabisa: ukisikia unaitwa na sauti usiyoijua, usiitike. Ukiitika umekubali kwenda.

Mwanzoni mwa kiangazi kile mama alijifungua mtoto wa kiume. Aliishi siku tisa. Baba alikuwa safarini vijijini, mchungaji mwenye kubatiza alikuwa Mbeya, na mama, aliyekuwa peke yake na mimi, hakujua kama maji yaliyomwagwa na mkono wake yangehesabika. Akasubiri. Mtoto hakusubiri. Wazee wa usharika wetu wakasema desturi ni desturi: aliyekufa bila ubatizo hulala nje ya uzio wa makaburi. Uzio wenyewe ulikuwa wa minyaa, haufiki hata kiuno cha mtu mzima. Baba aliporudi alikuta kaburi limeshafukiwa upande wa nje, na juu yake wamepanga mawe ili fisi wasilifikie. Hakubishana nao. Alisimama pale mpaka jua likazama, akarudi nyumbani, akaomba chakula kama siku zote.

Tangu hapo mdogo wangu hakutajwa. Sikujua hata kama alikuwa na jina. Mama alipoulizwa na wanawake kisimani, "Watoto hawajambo?" alijibu, "Hawajambo wote," kisha akafunga mdomo kama mtu aliyejing'ata ulimi.

Sasa kafuri. Harufu ile niliijua kutoka mahali pamoja tu. Jirani yetu Mwislamu, mzee aliyekuwa akichekecha mchanga mtoni, alifariki, na mwanawe akatumwa duka la Mhindi kununua sanda na kafuri. Nilisimama nyuma ya ua wao wakati wanamwosha, nikanusa. Nilirudi nyumbani nimeshaamua moyoni kwamba hiyo ndiyo harufu ya huko watu wanakokwenda wakifa.

Kwa hiyo alasiri ile landrova iliposimama mbele ya nyumba yetu, akashuka mwanamke mrefu, mweupe hata mishipa ya shingoni inaonekana, na upepo ukaniletea harufu ya kafuri kutoka kwenye gauni lake, nilirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Leo najua gauni lilikuwa limetoka sandukuni. Siku ile nilijua kitu kingine.

"Karibu, mama," baba alisema.

Alijitambulisha kuwa ni Bibi Ruti, Mmarekani. Mumewe alikuwa mpima barabara mwenye kambi karibu na Mbeya. Kiswahili chake kilikuwa kile Wazungu walichojifunza mashambani, lakini alikitamka polepole, kama anayepima kila neno.

"Mimi tafuta kaburi," alisema. "Ndugu ya mama yangu. Yeye kufa hapa, wakati ya dhahabu. Watu nasema wewe najua."

Alitaja jina la mjomba wake. Baba akatikisa kichwa. Wazungu wa machimboni tuliwajua kwa majina tuliyowapa wenyewe. Yule mama akafikiri, kisha akaweka viganja viwili mdomoni na kuvipitisha huku na huku, kama anayepuliza kinanda kidogo. Baba akashtuka.

"Bwana Kinanda! Mama, jeneza lake nililibeba mimi. Homa ya mkojo mweusi. Alikuwa anapiga kinanda chake hata siku anakufa."

Bibi Ruti alikaa chini pale pale kwenye ngazi. Akatoa daftari kubwa kwenye mkoba, lenye mistari iliyochorwa kama matawi ya mti, na kila tawi lina jina. Akauliza alikufa mwezi gani, mvua zilikuwa zimeanza au bado. Aliandika kila neno. Nilichungulia nikaona majina yamejaa ukurasa mzima, nikamsikia akimwambia baba, akipitisha kidole juu yake, "Hawa yote nakufa. Yote nangoja."

Wanangoja nini? Nilitamani kuuliza.

Mama akaleta chai. Ilikuwa chai ya kwetu milimani, yenye maziwa, na sukari iliyowekwa akiba kwa ajili ya mchungaji. Bibi Ruti alisimama akapokea kikombe kwa mikono miwili, kisha akakirudisha mezani taratibu.

"Samahani sana, mama. Dini yangu nakataza chai. Maji tu, tafadhali."

Mama aliona haya. Mimi niliona zaidi ya haya. Mgeni anayenuka kafuri, anayeandika wafu, na hanywi chai! Maji aliletewa, lakini nilimkazia macho na ningeweza kuapa sikuona koo lake likimeza.

Nilikimbilia kwenye landrova. Dereva, Kihwele, Mhehe wa Iringa mjini, alikuwa kivulini anatafuna karanga.

"Unamwogopa?" aliniuliza. "Usimwogope, mwanangu. Huyo ni Mmormoni tu."

"Ndiyo nini?"

"Ni dini yao huko Marekani. Kristo wanamtaja kama ninyi, ila wana kitabu kingine kando ya Biblia. Na wafu wao wanawabatiza."

"Wanawabatiza wapi?"

"Majini, wapi tena? We ulidhani mchangani?" Akacheka, akanigawia karanga. Sikuzila.

Habari zilimfikia Mzee Mwasomola kabla jua halijashuka. Alikuwa mzee wa kwanza wa usharika, mtu mkavu, mwaminifu, aliyemzika mkewe na watoto watatu bila kukosa ibada hata moja. Alikuja na fimbo yake akakaa barazani bila kukaribishwa, akamwambia baba kwa Kinyakyusa amfukuze yule mama. Baba akamjibu kwa Kiswahili, ili mgeni naye asikie.

"Nimfukuze kwa lipi, mzee? Hata anachoamini bado sijamuuliza."

"Kinajulikana."

"Kwangu hakijulikani. Mama, huyu mzee wetu ana wasiwasi, na mimi pia ninao. Nikuulize, na wewe uniulize?"

"Ndiyo," Bibi Ruti alisema. "Mimi napenda hiyo."

Nilikuwa nyuma ya mlango, na mazungumzo yale yameniganda kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia baadaye. Baba hakumwambia, "Ninyi mnaamini hivi." Alimuuliza, akangoja, kisha akarudia alichokisikia: "Kwa hiyo unasema kwamba..." na mama yule akimsahihisha, alianza upya. Alimuuliza juu ya kile kitabu cha pili. Alimuuliza kama Mungu wao ni Roho.

"Hapana. Baba wa mbinguni yeye na mwili. Nyama na mfupa, kama wewe, kama mimi."

Mzee Mwasomola akapiga fimbo sakafuni. Mimi nyuma ya mlango nilimwona Mungu mwenye mifupa akitembea kati ya mashimo, nikafumba macho.

"Hilo mimi siwezi kulipokea, mama," baba alisema, bila ukali. "Nakwambia wazi ili usije ukafikiri nanyamaza kwa kukubali. Na kitabu, kwangu ni kimoja."

"Mimi najua. Asante kusema."

Kisha baba aliuliza swali ambalo hata mimi, kwa udogo wangu, nililisikia likianguka kama jiwe. "Kwenu, mtu mweusi kama mimi anaweza kuwa mchungaji?"

Bibi Ruti aliinamisha kichwa. Shingo yake yote ikawa nyekundu. Alitazama daftari lake, akalifunga.

"Sasa, hapana," alisema. "Hiyo jibu mimi hapana penda. Lakini ndiyo jibu."

Mzee Mwasomola alicheka cheko fupi lisilo na furaha. "Umesikia mwenyewe." Akasimama, akaondoka.

Baba alimtazama mzee mpaka akapotea njiani. Kisha akasema, "Asante kwa kutonidanganya. Kesho kutwa nitakupeleka kwenye kaburi la mjomba wako. Kesho nina maziko upande wa mtoni." Akamwonyesha mahali pa kupiga hema, karibu na shule.

Mimi usingizi wangu ulijaa hesabu. Kama wafu wa Bibi Ruti wanangoja kubatizwa, basi mdogo wangu naye anaweza kubatizwa pamoja nao. Alikuwa mdogo, wangempitisha mbele. Akishabatizwa, wazee hawatakuwa na neno, atahamishiwa ndani ya uzio, na mama atamtaja kisimani. Sikuona kosa lolote katika mpango huo. Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Mtoto wa siku tisa atayasukumaje mawe yale?

Kesho yake, baba yuko mtoni kwenye maziko na mama yuko shambani, nilikwenda. Ilikuwa saa ya jua la utosi, hakuna kuku wala mtu njiani. Niliyatoa mawe moja moja na kuyapanga kando. Mengine yalikuwa mazito, nikayabiringisha, kucha zikakatika. Chini yake udongo ulikuwa laini, mweusi kidogo kuliko wa pembeni, umeshikilia baridi ambayo haikustahili kuwepo mchana ule. Niliweka shavu langu juu yake. Sikuogopa. Hicho ndicho kinachonitisha nikikumbuka leo, kwamba sikuogopa hata kidogo.

"Jiandae," nilimnong'oneza. "Mgeni amekuja. Ukiitwa, toka."

Shimo lililokuwa karibu likaguna. Upepo haukuwepo, majani ya minyaa yalikuwa yamesimama tuli. Likaguna tena, refu, na mwisho wake ukapanda juu kidogo kama swali.

Nilikuwa nimekatazwa kuitika. Lakini nilifikiri ni yeye.

"Abee," nikasema.

Kukawa kimya. Nilisubiri hadi kivuli changu kikaanza kurefuka, kisha nikarudi nyumbani, nikanawa mikono, nikala viazi. Mawe sikuyarudisha. Ningeyarudishaje, na mtu anatakiwa kutoka?

Alfajiri iliyofuata niliamshwa na sauti ya mama. Hakulia kama waliavyo wanawake msibani. Ilikuwa sauti moja tu, iliyonyooka, inayotoka upande wa makaburi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kila alfajiri, kabla ya kwenda kisimani, mama alipitia kule.

Fisi alikuwa amechimba. Hakufika, nasema mapema ili usiumie kama nilivyoumia. Alichimba kama urefu wa mkono, akashtuliwa na kitu, akaenda zake. Lakini mama hakujua hivyo alipofika. Aliona mawe yamepangwa kando kwa mpangilio, jambo ambalo fisi hawezi kulifanya, na katikati yake shimo.

Watu walikusanyika upesi kuliko jua. "Mawe yametolewa na mkono wa mtu," mmoja alisema. Mwingine akasema, "Juzi kuna mtu alikuwa akiulizia makaburi." Hawakuhitaji zaidi ya hapo. Nilipofika nikiwa nimeshika gauni la jirani yetu, kundi lilikuwa limeshazunguka hema la Bibi Ruti, baadhi wana majembe, baadhi wana fimbo. Kihwele alikuwa amewasha landrova. Bibi Ruti alitoka na nywele zake zimemwagika mabegani, sikuwahi kuona nywele ndefu namna ile, na wanawake wawili wakarudi nyuma wakijishika vifua.

Baba alifika anahema. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alipita katikati ya watu mpaka akasimama mbele yake.

"Mama, kaburi la mwanangu limefunguliwa. Wewe umeligusa?"

"Hapana," alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Mungu najua. Hapana."

"Nimesikia," baba alisema, akageukia watu. "Hakugusa."

"Umesikia ndiyo nini?" Mzee Mwasomola aliuliza kwa sauti. "Utashika neno la mtu anayebatiza wafu?"

"Mzee, juzi ulikuwepo. Nilimuuliza jambo zito. Angeweza kunidanganya nisijue mpaka nakufa. Jibu lilimwaibisha mbele yetu, na bado akalisema. Mtu wa namna hiyo leo ataanzaje kudanganya?"

"Basi ni nani?"

Mtu mmoja nyuma akasema achomewe hema aende zake, na wengine wakaguna, na mguno ule ulifanana kabisa na wa mashimo. Nilitazama mikono yangu. Kucha mbili hazikuwepo. Nilijua nikinyamaza, mgeni atapigwa. Nikisema, nitapigwa mimi, na pengine mama hatanitazama tena maisha yangu yote.

"Ni mimi," nikasema.

Hawakusikia. Nikasema tena, nikilia, na safari hii baba akasikia. Nilieleza yote, dereva, maji, mstari wa wafu, mawe. Mama alinijia. Nilifumba macho kusubiri kofi. Akanishika mikono, akaigeuza, akaangalia kucha.

"Tusajigwe," aliniita kwa jina langu lote. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ajiandae."

Mama akaketi chini na kunivuta mapajani, mimi niliyekuwa mkubwa wa kubeba debe la maji. Watu wakaanza kutazama pembeni. Majembe yakashuka.

Baba alimweleza Bibi Ruti polepole, akirudia. Yule mama alipoelewa aliweka mkono mdomoni, kisha akaja naye akakaa vumbini mbele yetu na gauni lake safi.

"Mtoto, sikia," aliniambia. "Hapana mtu nachimba. Hapana mtu nagusa kaburi. Sisi, mtu hai, hai kabisa, naingia ndani ya maji. Anasema, mimi naingia kwa jina ya huyu. Kaburi nabaki. Mfu nabaki. Jina tu nakwenda."

"Jina tu," mama alirudia. Macho yake yalikuwa kwenye ule mkoba wenye daftari. Kisha akasema jambo lililomfanya baba ageuke ghafla. "Basi mwandike mwanangu. Anaitwa Lusajo."

Hivyo ndivyo nilivyolijua jina la mdogo wangu.

Bibi Ruti hakulitoa daftari. Alitikisa kichwa. "Hapana, mama."

Niliona uso wa mama ukikunjamana. Alidhani, kama sisi sote tulivyodhani, kwamba hata huko kuna uzio.

"Hapana, sikia mama, tafadhali," yule mgeni alisema haraka, akimshika mkono. "Yeye hapana hitaji. Sisi naamini, mtoto mdogo hapana dhambi. Nakufa, nakwenda kwa Mungu moja kwa moja. Hapana maji. Hapana kitabu. Mimi hapana andika yeye kwa watu nangoja, sababu yeye hapana ngoja."

Mama aliutoa mkono wake kwenye ule wa mgeni. Aligeuza kichwa taratibu akamtazama baba, na watu wote wakamtazama.

"Mgeni amesema lake," mama alisema. "Wewe je, mwinjilisti? Mwanangu yuko wapi?"

Tangu kiangazi kuanza hakuwahi kumuuliza. Baba alimsogelea mama.

"Mengi aliyoniambia huyu mama siyakubali, naye anajua. Wafu siwabatizi. Watoto nitaendelea kuwaleta kwa mchungaji, kwa sababu naamini ubatizo ni zawadi, na zawadi haicheleweshwi." Akageuka kuelekea makaburini. "Lakini sijaamini hata siku moja kwamba Yesu, aliyewakumbatia watoto, alimwacha Lusajo nje. Sijaamini. Nilishindwa tu kusema."

"Ulimwogopa nani?"

Baba aliwatazama wazee, akamtazama Mwasomola. "Niliwaogopa hawa," akasema.

Tulilifukia shimo pamoja. Bibi Ruti alibeba mawe kifuani, gauni lake likawa jekundu kwa udongo, na Kihwele akazima gari akaja kusaidia. Mzee Mwasomola aliondoka bila neno, nikadhani amekasirika. Baada ya muda alirudi akiburuta matawi ya miiba, akayapanga juu ya mawe, akayakandamiza kwa fimbo yake yasipeperuke. Hakumsalimia mgeni. Lakini miiba aliileta, na mikono yake ilikuwa inatoka damu.

Mchana baba alimpeleka Bibi Ruti kwa Bwana Kinanda, nami nikafuata nyuma. Kaburi lilikuwa kwenye ukingo wa shimo kubwa la zamani, limezama, halina hata msalaba. Yule mama alipiga magoti akaomba kwa lugha yake, bila kuinua sauti. Baba alivua kofia akasimama kando akaomba yake kimoyomoyo, hawakuomba pamoja. Bibi Ruti alipoinuka alimuuliza baba kama angependa kumpa majina ya wazee wake waliokufa kabla ya misheni kuja, babu zake wa Rungwe ambao hawakumsikia Kristo. Nilimwona baba akilifikiria kweli. Aliwapenda babu zake.

"Hapana, mama. Hao nimemwachia Bwana mwenyewe. Ana haki kuliko mimi na wewe."

"Mimi nafikiri wewe nakosea," Bibi Ruti alisema.

"Na mimi nafikiri wewe unakosea."

Wakatazamana, kisha wakacheka wote wawili, pale kwenye ukingo wa lile shimo, na sauti zao zikashuka chini na kuturudia zimebadilika, kama kwamba huko ndani kuna watu wengine wawili wanaocheka baadaye kidogo. Nilimshika baba mkono, sikuuachia mpaka tukafika nyumbani. Siku iliyofuata landrova iliondoka na hatukumwona tena.

Wajukuu zangu siku hizi huniletea maswali. Kuna vijana wamevaa mashati meupe wanapita mitaani Mbeya, wawili wawili, na wajukuu wanauliza, "Bibi, tuwafungie mlango?" Nawaambia wawakaribishe, wawaulize, wasikilize mpaka mwisho, kisha waseme wasichokubali kwa uso mkavu na sauti ya kawaida. Wananiona mzee aliyelainika. Hawajui kwamba nimewahi kusimama katikati ya watu wenye majembe.

Kule Makongolosi, ikafika Pasaka iliyofuata kiangazi kile. Usharika wetu ulikuwa na desturi ya kukusanyika makaburini kabla jua halijachomoza na kusoma majina ya waliolala mwaka ule. Mchungaji alikuwa amefika kutoka Mbeya, amevaa joho jeupe lililoonekana kuelea peke yake katika ule weusi wa kabla ya mapambazuko. Baba ndiye aliyesoma. Baada ya kila jina, ndugu za marehemu waliitika, "Yupo kwa Bwana." Majina yalikwisha. Tulisubiri afunge daftari. Hakulifunga.

"Lusajo," alisema, na sauti ikamkatika, akaanza tena. "Lusajo, mwanangu. Siku tisa."

Mchungaji aligeuza kichwa. Mama alikuwa nyuma kabisa, upande wa nje wa uzio, mahali ambapo hakuna mwanamke mwingine aliyesimama.

"Yupo kwa Bwana," mama aliitika kutoka kule nje, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Ibada ilipokwisha mchungaji alimfuata baba. "Huyo wa mwisho sikumbuki kumbatiza."

"Hukumbatiza, mchungaji."

"Basi itabidi tuzungumze."

Walizungumza, na yaliyotoka katika mazungumzo hayo yalitufungisha mizigo, tukahamishiwa Kilolo kule Iringa kabla ya mavuno, na baba hakuwahi kuwa zaidi ya mwinjilisti mpaka alipokufa. Lakini asubuhi ile, kabla hawajaanza, mama aliruka uzio wa minyaa akiwa amepandisha kitenge chake hadi magotini, akapita kati yao.

"Zungumzeni," aliwaambia. "Jina limeshasomwa."